Miguu ionekane: jinsi ya kupiga filamu ya kumuenzi mtunzi wa dansi

Mtunzi wa dansi akifariki, kazi yake hubaki kwenye magoti, migongo na pumzi za wachezaji wake. Siku wachezaji hao wakizeeka au wakitawanyika, kazi nayo inakwenda. Kwa hiyo filamu ya kumuenzi isianzie kwa wasemaji wa sifa. Ianzie kwa wachezaji, tena mapema, wangali na nguvu ya kuicheza kazi yenyewe kama alivyowafundisha.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Wuppertal, Ujerumani. Pina Bausch aliongoza kundi la dansi la mji huo tangu 1973 mpaka alipofariki tarehe 30 Juni 2009. Yeye na mwongozaji Wim Wenders walikuwa wameshakubaliana filamu, na kazi nne zilishachaguliwa: Le Sacre du printemps ya 1975, Café Müller na Kontakthof za 1978, na Vollmond ya 2006. Zilibaki siku mbili tu kabla ya majaribio ya kamera, Bausch akafariki. Wenders alisimamisha kila kitu. Wachezaji ndio waliomhimiza aendelee, na filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, Februari 2011, kwa jina Pina. Humu tutairejea mara kwa mara, kwa sababu matatizo waliyoyakuta ndiyo utakayoyakuta hata ukipiga na kamera mbili za kuazima katika ukumbi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kisangani.

Ruhusa kabla ya kamera

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unazilinda kazi za dansi kama unavyolinda vitabu na muziki. Mwenye haki ni mtunzi, na akishafariki ni warithi wake. Kazi za Bausch ziko mikononi mwa wakfu wenye jina lake, ulioanzishwa 2009 na mwanawe Salomon. Huku kwetu mara nyingi mwenye haki ni familia, na hapo ndipo watu hukosea: wanachukua sahihi ya kaka mmoja aliyefurahia wazo, kisha dada wawili wanajitokeza filamu ikiwa imeshahaririwa. Mtafute msimamizi wa mirathi, naye ndiye asaini. Andikeni kazi zipi zitapigwa, dakika ngapi, zitaonyeshwa wapi, na nani atatunza picha ghafi.

Wachezaji nao wasaini, kila mmoja kwa jina lake. Ukipiga Tanzania ulizia kibali Bodi ya Filamu. Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB.

Muziki una haki mbili, na ya pili husahaulika. Purcell, ambaye muziki wake unasikika katika Café Müller, alifariki 1695, kwa hiyo utunzi wake ni huru. Lakini rekodi ya okestra iliyoupiga juzi ina mwenyewe. Stravinsky, aliyetunga muziki wa Le Sacre du printemps, alifariki 1971. Katika nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, Sacre yake italindwa hadi mwisho wa 2041. Ukishindwa kupata muziki, usipige dansi hiyo ukitumaini kuiwekea wimbo mwingine baadaye. Mguu uliotua kwenye pigo la ngoma hii hautatua kwenye pigo la ngoma ile, na hata mtazamaji asiyejua dansi ataona kitu hakikai sawa.

Jifunze dansi kwanza

Kaa kwenye mazoezi mara tatu dansi ikichezwa yote, mwanzo hadi mwisho, bila kushika kamera. Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili fuata mchezaji mmoja. Mara ya tatu weka simu kwenye stendi katikati ya ukumbi, iwe ya upana wote, irekodi moja kwa moja.

Kutokana na rekodi hiyo ya simu andika chati. Gawa sakafu miraba tisa, tatu kwa tatu, uipe namba. Kisha kila mstari wa chati uwe na dakika na sekunde, hesabu ya pigo, nani yuko mraba gani, anaelekea wapi, na kiungo kipi kinaanza. Jambo hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Mjongeo unaoanzia kwenye fupanyonga haupigwi kama unaoanzia kwenye vidole. Ukijua kwamba sekunde ya 40 mgongo ndio unaoanza na mkono unafuata, hutakuwa na haja ya kuukimbiza mkono na lenzi. Mpe chati hiyo msimamizi wa mazoezi wa kundi aikosoe. Atakuonyesha mambo mawili matatu ambayo usingeyaona hata kwa kutazama mara kumi.

Café Müller ni darasa la hili. Jukwaa limejaa viti na meza. Mwanamke anatembea amefumba macho, na mwanamume anakimbia mbele yake akivisogeza viti ili asijigonge. Ukimfuata yule mwanamke kwa karibu, unapata uso mzuri wenye huzuni na dansi imekufa, kwa sababu dansi yenyewe imo katika nafasi iliyopo kati ya mguu wake na kiti ambacho bado hakijaondolewa. Fremu lazima ibebe wote wawili pamoja na kiti. Chati ingekuambia hivyo kabla hujachagua lenzi.

Kamera: umbali, kimo na kasi

Jukwaa ni pana mbele ya mtazamaji. Kwa kamera ni kinyume: karibu na lenzi nafasi ni finyu, na kadiri unavyorudi nyuma inatanuka. Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani aliyefanya kazi na mpiga filamu Charles Atlas tangu miaka ya 1970, hakulazimisha kamera ifuate jukwaa. Alizipanga upya dansi zake ziingie katika umbo hilo la pembetatu. Wewe huna ruhusa ya kupanga upya kazi ya marehemu, ila unaweza kuibandika pembetatu hiyo sakafuni kwa tepu wakati wa mazoezi, mchezaji ajue anatoka kwenye fremu wapi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kamera yenye sensa kamili (kipande kinachopokea mwanga) ya upana wa milimita 36, upana unaoonekana ni umbali ukizidishwa kwa 36, ukigawanywa kwa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 35 kwa mita 5 inaona upana wa mita 5 na kimo cha karibu mita 2.9. Mtu mzima aliyeinua mikono anaenea humo, na bado ana nafasi ya kuruka. Jukwaa la mita 10 litahitaji urudi mita 10 hivi, au utumie milimita 24 ukae karibu mita 6.7. Usishuke chini ya 24. Pembeni mwa lenzi pana mno mikono hurefuka na vichwa huvutika, na mtunzi aliyetumia miaka kusahihisha mistari ya miili hakustahili hilo. Lenzi ndefu nayo, ya 135 na kuendelea, huwabana wachezaji kama waliobandikwa ukutani. Itumie kwa nyuso na mikono tu.

Kamera kuu ikae kimo cha kiuno hadi kifua, mita 1 hadi 1.2. Chini ya hapo sakafu inapotea na hujui nani yuko mbele ya nani. Kama dansi imejengwa kwa michoro ya sakafuni, duara au mistari mirefu, panda mita 2.5 hadi 3.

Piga fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na shata ya 1/50 au 1/100 ndiyo inayozuia taa zisipepese. Ukiiharakisha shata kufikia 1/200 ili picha iwe kali, mkono unaorushwa utaonekana unaruka vipande vipande, kana kwamba mtu ana mikono mitano. Kikosi cha Wenders kilikutana na tatizo la aina hii kwenye majaribio yao ya kamera za 3D. Ukungu mdogo kwenye kiganja kinachokwenda kasi si kosa. Ndio unaolibeba jicho kutoka fremu hii kwenda inayofuata.

Fokasi ya kujiendesha izime. Mkono ukipita mbele ya uso, kamera huukimbilia mkono, kisha inahangaika kurudi. Kwa lenzi ya 35, tundu la lenzi f/5.6, ukifokasi mita 5, kila kitu kuanzia mita 3 hadi 15 kitakuwa safi. Hapo mpiga picha anabaki na kazi moja, kutazama dansi.

Mwendo wa polepole hushawishi kila anayeanza. Uache. Uzito wa mwili tunausoma kwa muda unaochukua kuanguka. Ukirefusha muda huo, mchezaji anakuwa unyoya. Kama mtunzi alitaka polepole, alishatunga polepole.

Kamera mbili zinatosha, tatu ni raha. Ya kwanza ni ya upana wote, haisogei, haikatwi. Ya pili ni mtu mzima kuanzia utosi hadi unyayo, ikitembea naye. Zote zikae upande mmoja wa jukwaa, la sivyo mchezaji anayekwenda kulia ataonekana ghafla anakwenda kushoto. Na kanuni isiyo na mjadala: katika dansi, fremu haikati vifundo vya miguu. Ukitaka kukata mwili, kata juu ya goti au kwenye kiuno, na uwe na sababu.

Sakafu na mwanga

Watayarishaji wengi huweka fedha zote kwenye kamera, kisha wanamwambia mchezaji aruke kwenye zege. Atafanya teki (marudio ya kupiga) mbili nzuri. Ya tatu atakuwa anajihami, na utaiona kwenye magoti yanayokataa kukunja. Tandika plaiwudi ya milimita 18 juu ya mikeka ya povu, kisha linoliamu ya dansi juu yake. Karatasi hizo nyingi zina upana wa mita 1.5, kwa hiyo eneo la mita 9 kwa 9 ni karatasi sita. Unganisha kwa tepu ya vinaili, na upande usiong'aa ndio uwe juu. Ukikosa kabisa, piga kwenye udongo ulioshindiliwa au mchanga wenye unyevu kabla hujafikiria saruji.

Taa ya mbele peke yake huubandika mwili kama karatasi. Weka taa pembeni, pande zote mbili, kwa vimo vitatu: usawa wa muundi, kiuno na juu ya kichwa. Ile ya muundi ndiyo inayomwinua mchezaji kutoka sakafuni. Ngozi nyeusi mbele ya pazia jeusi inahitaji pia taa ya nyuma inayochora bega na shingo, na chanzo kipana cha mwanga laini pembeni, kitambaa cheupe cha mita 2 kwa 2 kwa mfano, kwa sababu ngozi yetu huonyesha umbo kwa mng'ao. Usiongeze tu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Utapata chembechembe kwenye pazia, na uso utabaki bila umbo.

Nje, kimbia jua la saa 5 hadi saa 9 mchana. Linachimba mashimo machoni. Kwenye jua kali, f/5.6 na shata 1/50 zitahitaji kichujio cha kupunguza mwanga cha stopu 4 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) ukiwa ISO 100, au stopu 7 ukiwa ISO 800. Bila kichujio utalazimika kuharakisha shata, na mikono mitano inarudi. Machweo ni mazuri mno, lakini karibu na ikweta kiza hakisubiri: jua likishatua una dakika 20 hivi. Mwaka 2020, Sacre ya Bausch ilipigwa filamu ufukweni Toubab Dialaw, Senegal, jua likizama, ikichezwa na wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika. Ziara yao ilikuwa imezimwa na korona. Dansi hiyo ina dakika 35 hivi. Kwa kazi ya urefu huo huna teki ya pili, kwa hiyo jioni iliyotangulia fanya zoezi zima saa ileile, ukiandika tundu la lenzi kila baada ya dakika tano.

Siku ya kupiga

Wachezaji wapashe mwili joto dakika 45 kabla ya teki ya kwanza. Wakikaa zaidi ya dakika 20 wakisubiri taa, wapashe tena. Wakati wa kupanga taa na kamera wapime hatua tu, bila kutoa nguvu. Kipande cha dakika tatu kinachochezwa kwa nguvu zote kina teki nne nzuri, pengine tano, na ya pili au ya tatu ndiyo huwa bora. Ukiona umefika ya saba, tatizo lako liko kwenye maandalizi.

Fuata mpangilio wa dansi. Sacre ya Bausch huchezwa juu ya udongo mweusi wa mboji uliotandazwa jukwaa zima. Mwanzoni magauni ni masafi. Kidogo kidogo udongo unashika jasho, unapanda magotini, mgongoni, mashavuni, na mwishoni mwili wa aliyechaguliwa kuwa kafara, mwenye gauni jekundu, unasimulia kila alipoanguka. Ukipiga mwisho asubuhi na mwanzo mchana, hakuna sabuni itakayokuokoa. Kila teki ya kurudia inadai gauni safi na udongo uliosawazishwa upya kwa reki. Weka saa nzima kwa ajili hiyo. Kwa kazi zinazochezwa kwenye maji kama Vollmond, inua nyaya zote juu ya usawa wa sakafu, funika kamera, na uwe na mtu ambaye kazi yake ni taulo tu.

Sauti irekodiwe mara mbili. Muziki upigwe kwa spika kutoka faili lilelile utakalotumia kwenye uhariri, likiwa na hesabu nane za kuanzia, na kila kamera iusikie ili uoanishe baadaye. Kisha mcheze tena bila muziki, msimamizi akihesabu kwa mkono, na maiki mbili zikae ukingoni mwa sakafu, sentimita chache kutoka chini, zichukue nyayo, vitambaa na pumzi. Viti vya Café Müller vinavyoanguka ni sehemu ya utunzi. Filamu yenye muziki msafi na nyayo zisizosikika huonekana kama wachezaji wako nyuma ya kioo.

Wachezaji wamjibu mtunzi

Bausch alitunga kwa kuuliza. Aliwauliza wachezaji maswali mamia, nao wakajibu kwa maneno, kwa kitendo au kwa mjongeo. Wenders alitumia njia hiyohiyo kumkumbuka: kila mchezaji akajibu kwa dansi fupi ya peke yake, na nyingi zikapigwa nje, ndani ya mji wenyewe, hata chini ya ile treni ya Wuppertal inayoning'inia juu ya barabara na mto. Chukua wazo hilo, lakini uliza kwa namna ya mtunzi wako. Kama alifundisha kwa kuimba hesabu, mwombe mchezaji aimbe. Kama alikuwa anashika mabega ya watu kuwasahihisha, muulize mchezaji, "Mkono wake ulikuwa unakugusa wapi?" Kisha acha kamera ikimbie dakika mbili bila kusema neno. Jibu huja kwa mwili kabla halijaja kwa mdomo.

Maneno yarekodi kando, chumbani, sauti tu, kwa lugha ambayo mtu huota nayo. Uso nao upige kando, kimya, mchezaji akitazama lenzi kwa dakika moja. Ukiviweka pamoja kwenye uhariri, mdomo uliofungwa na sauti inayosema, mtazamaji anasikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza mahojiano. Pina imefanya hivyo kwa kundi zima.

Kanda za zamani

Kampuni ya dansi ya Gàara ilianzishwa Nairobi 1997 na Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen. Kanda yoyote ya VHS au Hi8 iliyorekodiwa mwaka huo, popote ilipo, imeshapita miaka 25, na unyevu wa pwani hauihurumii. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiicheze. Ukungu utachafua vichwa vya mashine na mashine itaiharibu kanda inayofuata. Mpe fundi aisafishe kwanza.

Kanda za PAL, mfumo wa zamani wa video, zina nusu-picha 50 kwa sekunde. Programu nyingi zikiachwa zijiamulie hutoa faili la fremu 25, na nusu ya mjongeo inatupwa. Agiza faili la fremu 50. Umbo la picha ni 4 kwa 3. Liache hivyo, na mapengo meusi pembeni. Ukiivuta ijaze skrini, unamnenepesha marehemu.

Kuhariri na kutunza

Anza na kamera ya upana wote, dansi nzima. Iheshimu kama msingi, kisha ondoka pale tu ambapo shoti ya karibu inaonyesha kitu ambacho upana hauonyeshi. Kata katikati ya mjongeo, mkono ukiwa njiani; ukikata mtu akiwa ametulia, mkato unasikika kama mlango. Usikate kabisa kwenye kutua. Mruko na kutua kwake ni sentensi moja. Kila shoti idumu walau hesabu nane. Muite msimamizi wa mazoezi atazame mkato wa kwanza bila muziki. Atakuambia palipokosekana hatua.

Picha ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Kamera tatu kwa saa tatu ni gigabaiti 405, na unahitaji nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kutazamwa.

Kisha andaa faili moja la ziada, la upana wote, lisilokatwa, dansi nzima na muziki wake. Liambatanishe na chati ya miraba tisa na orodha ya majina: nani alicheza nafasi ya nani, na nani alimfundisha. Hilo lipelekwe kwa kundi na kwa familia kabla ya uzinduzi, maana ndilo mchezaji ajaye atakalojifunzia hatua.